Pete ya Bwana Eberly

Nilimpokonya mzee kitu alichokitafuta miaka thelathini na moja, mchana kweupe, mbele ya watu wanaonifahamu, na hakuna aliyeniita mwizi kwa sababu sheria ilikuwa upande wangu. Natamani wangeniita. Neno hilo ningelijibu. Nilichopewa badala yake sikuwa na jibu lake.

Kila Machi na kila Oktoba, sisi wakusanyaji wa silaha za kale hukutana katika ukumbi wa maonyesho ya kilimo wa kaunti yetu, kusini mwa Ohio. Ni jengo la mabati ambalo mwezi Agosti hujazwa ng'ombe wa mashindano, na mwaka mzima halikosi harufu ya majani makavu. Ndani kuna meza mia mbili, kila moja na kitambaa chake. Wapo wanaopenda bunduki ndefu, wapo wa panga za askari wa farasi. Mimi ni mtu wa bastola za fataki, na si zote, zile zenye nakshi tu. Hizo ni za kabla ya risasi za shaba: unamimina baruti katika kila tundu la silinda, unashindilia risasi, halafu nyuma ya kila tundu unavisha fataki, kikofia kidogo kama punje ya njegere. Chuma chake kimechorwa mizabibu kwa patasi nyembamba kuliko msumari, jani juu ya jani, na kwenye nyundo fundi akipenda anaweka kichwa cha mbwa mwitu. Ukiiangalia moja kwa lenzi, unaweza kusahau kula.

Ukumbini kuna sheria ambayo haijaandikwa popote na kila mtu anaifuata. Kitu kikiwa mkononi mwa mtu, yeye ndiye wa kwanza. Awe anakikagua, awe anabishana bei, awe ameduwaa tu, wewe unasimama pembeni na kufunga mdomo. Akikiweka chini, amekiacha. Atakayekishika baada yake ndiye mwenye zamu.

Aliyenifundisha sheria hiyo ni Bwana Thurman Eberly.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa nilipomjua. Alikuwa amestaafu kiwanda cha pampu ambako alichonga vipuri kwa miaka arobaini, na mikono yake ilikuwa minene, ya polepole, haijawahi kuangusha kitu. Siku ya kwanza nilinyoosha mkono kwenye meza yake, akanizuia.

"Vua saa," alisema. "Bizimu ya mkanda igeuze ikae ubavuni. Una pete?"

"Sina, bwana."

"Vizuri. Pete inaweza kufanya kwa sekunde moja kile ambacho miaka mia na sitini imeshindwa kufanya." Yake mwenyewe, ya ndoa, ilikuwa mfukoni mwa shati. Aliivua kila asubuhi ya maonyesho kabla hajaingia ukumbini. "Sasa shika. Kwanza tazama mgongo wa mpini. Kama kuna jina, liko hapo. Halafu namba. Nakshi iache ya mwisho, mwanangu, maana nakshi inatongoza."

Hivyo ndivyo nilivyojifunza kuangalia, na bado ninaangalia hivyo hadi leo. Kumbukeni hilo.

Katikati ya meza yake kulikuwa na sanduku la mti mwekundu, limefunguliwa, ndani lina mahameli ya kijani. Mahameli ilikuwa na vitanda viwili vilivyokatwa kwa umbo la bastola. Cha kulia kililaliwa na bastola ndogo yenye nakshi ambayo sijaona ya kuizidi, na mgongoni mwa mpini jina: Josiah Pruett. Cha kushoto kilikuwa kitupu. Barua iliyokuja na sanduku ilieleza kwamba baba mmoja aliwatengenezea wanawe wawili bastola pacha, Josiah na Amos, mwaka walioondoka nyumbani. Ya Amos ilipotea. Bwana Eberly alinunua sanduku akiwa na miaka arobaini na saba, na tangu hapo hakuwahi kukosa maonyesho. Watu walipomuuliza mbona analionyesha likiwa na pengo, alijibu, "Ili yeyote atakayeiona ya pili ajue pa kuileta." Hakuna mtu ukumbini asiyejua kitanda cha kushoto kinamngoja nani.

Machi ya mwaka jana nilifika na bastola mpya. Mpya kwangu, namaanisha. Niliinunua majira ya baridi kwa akiba yote niliyokuwa nayo, na njia nzima nilikuwa nikiona nyuso za wenzangu watakapofungua kitambaa cha flana nilichoifungia. Saa moja asubuhi tulikaa meza yetu ya kila mwaka katika mkahawa ulio kando ya ukumbi, kahawa na mikate laini iliyomwagiwa mchuzi wa soseji. Nikaiweka katikati ya sahani.

"Lo!" alisema Dwight Hocker, fundi mabomba, mtu mnene ambaye hajawahi kuacha utani ukapita. "Corwin, umeiba benki?"

Ilizungushwa. Kila mtu aliguna. Ilipofika kwa Bwana Eberly aliiangalia mgongo, akaangalia namba, akachukua lenzi na kuifuata nakshi. Kisha akaifuta mafuta ya vidole na kuirudisha.

"Ni bastola nzuri," alisema.

"Na nakshi?"

"Tule kwanza, kitapoa."

Hapo ndipo mtu mwenye akili angekula. Mimi nilisema, kwa sauti ya kusikika hadi kwa mpishi, "Hapana, Bwana Eberly, sema. Au kwa mara moja nimepata kitu ambacho wewe huna?"

Alinitazama kidogo. Akanipa lenzi. "Hapo karibu na skrubu. Unaona kishimo cha kutu?"

"Naona."

"Fuata mstari wa jani hadi ukutane nacho. Umeruka shimo au umeshuka ndani?"

Mstari ulikuwa umeshuka ndani ya shimo na kupanda upande wa pili, unang'aa, na kingo zake kali.

"Umeshuka," nilisema.

"Basi kutu ilitangulia, fundi akaja baadaye sana. Bastola ni ya kale. Nakshi pengine tunalingana nayo umri, mimi au wewe."

"Kwa hiyo fundi yu hai!" Hocker alipiga meza. "Mpigie simu, Corwin, muulize kama anachora na makopo ya bia!"

Meza nzima ilicheka. Bwana Eberly hakucheka, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Alinisogezea sahani ya siagi. Nilikunja flana yangu nikaondoka masikio yakiwaka, na mpaka saa nne nilizunguka ukumbi huo bila kuona kitu chochote juu ya meza yoyote.

Saa nne aliingia Bi Rosalie Kopp, mjane wa mfamasia wa mji wa jirani. Alikuwa amebeba kopo kubwa la biskuti, akapewa meza ndogo karibu na mlango. Vitu vya babamkwe wake, alisema, vimekaa darini, na marehemu mumewe aliacha karatasi yenye bei ya kila kimoja. Vilikuwa vimefungwa kwa mataulo ya jikoni. Habari ilipita ukumbini kama moshi. Bwana Eberly alikuwa bado mkahawani, akaacha kikombe nusu, na ingawa goti lake si zima, alikuwa wa kwanza mezani. Mimi nilikuwa begani kwake, upande wa kulia.

Alifungua taulo la pili. Bastola ndogo. Mizabibu ile ile, mkono ule ule, hata mkunjo wa jani la mwisho chini ya silinda. Aliigeuza, kama alivyonifundisha, mgongo wa mpini kwanza. Nikasoma juu ya mkono wake: Amos Pruett.

Midomo yake ilisogea bila sauti. Halafu akaona pete.

Kwa haraka ya asubuhi hiyo alikuwa amesahau kuivua. Ilikuwa kidoleni, dhahabu pana, imeegemea chuma cha mtutu. Alishtuka kama aliyemkanyaga mtoto. Aliilaza bastola juu ya taulo, taratibu, akaanza kuzungusha pete. Kifundo cha kidole kilikuwa kimevimba. Haikutoka. Aliweka kidole mdomoni akakilowesha mate, akaivuta tena, macho kwenye pete.

Nilinyoosha mkono nikaichukua.

Nimejaribu mara nyingi kusema ni mkono uliokwenda, si mimi. Si kweli. Nilijua nilichokishika, nilijua ni cha nani, na nilisikia sauti ya Hocker kichwani ikizungumzia makopo ya bia. Nilitaka mzee huyu, kwa dakika moja tu, ajue ladha ya kile nilichomeza asubuhi. Dakika moja, kisha ningempa. Ndivyo nilivyojiambia. Lakini Bi Kopp aliniangalia akasema, "Unaichukua hiyo, mwanangu?" na watu walikuwa wanatazama, na kiburi changu hakikujua namna ya kurudi nyuma.

"Naichukua," nilisema.

Bwana Eberly aliinua uso. Pete ilikuwa imetoka wakati huo huo, ipo kiganjani mwake.

"We Corwin!" Hocker alisukuma watu akaja. "Iweke chini hiyo!"

"Ameiweka chini yeye."

"Alikuwa anavua pete, bwana! Huna macho?"

"Sheria inasemaje, Dwight? Inasemaje?"

"Sheria gani! Wewe ni mtu wa namna gani?"

"Dwight, nyamaza," alisema Bwana Eberly. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Niliiweka chini. Iko mkononi mwake." Kisha akanigeukia. "Uliona jina?"

Bi Kopp alikuwa ameshika karatasi yake ya bei, haelewi.

"Jina gani?" nilisema.

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa bei isiyo na mjadala. Akairudisha pete kidoleni. Iliingia bila shida. Alitembea hadi mezani kwake na kulifunga sanduku. Sijawahi kuliona limefungwa wakati wa maonyesho. Lavonne, mkewe, alinitazama kutoka kwenye kiti chake cha kukunja, kisha akaendelea kufuma.

Nilifika nyumbani nikaiweka juu ya meza ya jikoni. Sikuwasha redio. Niliitazama nakshi hadi jua lilipohama dirishani, na haikunitongoza. Kila jani lilikuwa mahali pake na mimi ndiye sikuwa mahali pangu. Niliifunga kwa flana nikaiweka kabatini nyuma ya sufuria, kitu ambacho sijawahi kukifanyia bastola, na kwa wiki mbili nilipika mayai tu ili nisilifungue kabati hilo.

Nilipoitoa, niliona alama. Kwenye mtutu, katikati ya mizabibu, kulikuwa na kidole gumba cha kutu, mistari yake yote inasomeka, kama kwenye karatasi za polisi. Siku ile mikono yangu ilikuwa imelowa jasho, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi hii nilikuwa nimesahau kufuta. Nikakiweka kidole changu juu ya alama. Ililingana, bila shaka. Ingelingana na ya nani?

Jumamosi hiyo nikaenda kwake. Lavonne alifungua mlango.

"Aa. Ni wewe," alisema. Mwanamke huyu alikuwa hajawahi kuniacha nivuke kizingiti bila kipande cha pai ya tufaha. "Yuko karakana. Njia unaijua."

Bwana Eberly alikuwa akinoa kisu cha bustani. Niliweka flana juu ya benchi.

"Nimekuletea. Kwa bei ile ile aliyotaja Bi Kopp. Hata bila bei."

Hakuifungua. Aliendelea kunoa, mara tatu, mara nne. "Uliona jina?"

Mlango ulikuwa wazi na alikuwa peke yake. Kusema kweli kulikuwa rahisi kuliko kutakavyokuwa tena. Nami nikasema, "Sikuona, Bwana Eberly. Kweli nakwambia. Ningeliona nisingeishika."

"Basi uliichukua kwa haki."

"Lakini nataka uwe nayo."

"Kwa nini? Mtu aliyechukua kwa haki hana cha kurudisha. Mimi niliiweka chini, wewe hukujua, ndivyo mambo yalivyo. Nikiichukua kwako nitakuwa nakudhulumu."

"Bwana Eberly, jamani..."

"Nenda nayo, mwanangu." Alipangusa kisu kwa kitambaa. "Na mafuta uipake. Mvua zimeanza."

Nilirudi nayo. Alikuwa amenifungia mlango mmoja na kuniachia mmoja, na ule alioniachia, wa kusema kweli, ulikuwa mdogo kiasi kwamba singeweza kupita humo bila kuinama. Sijazoea kuinama. Nilikaa na bastola ya Amos Pruett miezi saba. Sikumwonyesha mtu yeyote. Mkusanyaji anayeficha kitu chake ni mtu wa kuonewa huruma, na mimi hata huruma sikuistahili.

Oktoba nilitaka nisiende. Nikaenda. Saa moja asubuhi walikuwa meza ile ile, mikate ile ile. Walisogea wakanipa nafasi, kwa adabu, na Hocker akanisalimia, "Habari ya asubuhi, Corwin." Basi. Hakuna kejeli, hakuna benki, hakuna makopo. Niliketi karibu na mtu anayemtania hata padri, na kwangu alikuwa na adabu. Nilisukuma sahani.

Nikasimama. Kiti kilianguka nyuma yangu na watu wa meza nyingine wakageuka, ikawa vizuri zaidi au vibaya zaidi, sijui.

"Niliona jina," nilisema.

Hocker alishusha uma. "Jina gani?"

"Amos Pruett. Nililisoma juu ya mkono wa Bwana Eberly kabla hajaiweka chini. Nikamwona akivua pete. Nilijua anavua pete, yeye ndiye aliyenifundisha kuvua. Nikaichukua hivyo hivyo. Halafu nikasema uongo ukumbini, na nikaenda nyumbani kwake nikaurudia." Nilishika ukingo wa meza. "Na nakshi ya ile bastola yangu ni mpya. Alisema kweli. Nilimchukia kwa sababu alisema kweli mbele yenu."

Mpishi alikuwa ameacha kukaanga. Bwana Eberly alimaliza kipande chake cha mkate, akafuta mdomo, akakunja karatasi ya kufutia mara mbili.

"Lete," alisema.

Tulikwenda mezani kwake. Watu walifuata, labda ishirini. Sanduku lilikuwa limefungwa, alilifungua. Nikaiweka bastola juu ya kitambaa, nikaondoa mkono, nikarudi nyuma hatua mbili. Sasa haikuwa mkononi mwa mtu. Kwa sheria yetu, yeyote kati ya wale ishirini angeweza kuinyooshea mkono.

Bwana Eberly aliiangalia, kisha akaangalia kidole chake. Pete ilikuwapo. Sijui kama alikuwa amesahau tena au aliiacha makusudi, na sitamuuliza. Alianza kuizungusha. Kifundo kilikuwa kimezidi kuvimba tangu Machi. Alivuta, akapumzika, akavuta. Hocker aliingiza mikono yote miwili mifukoni. Jirani yake akafanya vivyo hivyo, na mwingine, hadi duara zima likawa limesimama mikono mifukoni kama watu wanaosikia baridi. Mimi pia.

"Lete huo mkono, Thurman," alisema Lavonne. Alitoa mafuta ya kujipaka kwenye mkoba wake. "Miaka hamsini na mbili nimekwambia hiyo pete ipelekwe ikapanuliwe."

"Ikipanuliwa itaanguka."

"Itaanguka wapi? Kwenye supu? Nyoosha kidole."

Watu walicheka kidogo. Ilichukua muda mrefu. Nilitamani iishe na nilijua sina haki ya kutamani hivyo. Hatimaye ilitoka, akampa mkewe, akafuta mafuta vidoleni kimoja baada ya kingine. Ndipo akaishika. Mgongo wa mpini kwanza. Halafu namba. Nakshi mwisho, kwa lenzi, na lenzi ikasimama.

"Hiki kidole cha nani?"

"Changu," nilisema.

Aliinamisha bastola kwenye mwanga. "Kimeingia kwenye mistari. Nikikisugua nitafuta na majani ya nakshi."

"Najua."

"Basi kitakaa."

Akailaza kwenye kitanda cha kushoto. Iliingia kama iliyotoka humo jana. Mzee aliweka viganja vyake viwili ukingoni mwa sanduku na kuinamisha kichwa. Kisha akaandika hundi ya bei ya Bi Kopp, kamili, na nilipotaka kukataa alinitazama hivi kwamba niliichukua.

"Asante kwa kusema," aliniambia. Nikasogea nimshike mkono. Alikuwa tayari ameanza kupanga upya vitu vyake. "Corwin. Simama upande ule mwingine wa meza. Nina wageni."

Siku nzima walikuja kuona. Nilikodi meza ya tatu kutoka kwake, kwa hiyo nilisikia yote. Wanainama juu ya mahameli, wanaguna, wanasoma Josiah, wanasoma Amos. Halafu wenye macho makali wanaona alama kwenye mtutu, na kila mmoja anafurahi, kila mmoja anadhani amegundua kitu.

"Tazama hapa! Alama ya kidole! Ni cha Amos mwenyewe hiki?"

"Hapana," anasema Bwana Eberly. "Cha mtu mwingine."

Hasemi zaidi ya hapo, na hageuki kunitazama.